Binti Lulua na Jini wa Chemchemi

Katika mji wa Zabarijadi, ulioegemea mlima na kunywa maji ya chemchemi moja tu, alitawala Sultani Mundhiri bin Habshi, mfalme mwadilifu aliyefiwa na mkewe na kuachiwa binti mmoja, Lulua, mboni ya jicho lake. Na chemchemi ile ilikuwa mikononi mwa jini Karkashi, na ahadi ya kale ilisema kwamba kila mrithi wa kiti, akianza kung'oka meno ya utotoni, atasimama mbele ya jini na kuulizwa hesabu. Akijibu, maji yatatiririka maisha yake yote, na akishindwa, chemchemi itakauka na mtoto atachukuliwa kutumika chini ya mlima.

Meno ya Lulua yakaanza kulegea, na Sultani akaleta walimu mahodari, nao wakaja na bakora zao, na mtoto akawa kila akisikia neno "jumlisha" hukimbilia nyuma ya pazia na kulia.

Alikuwamo kasrini mjane kijana, Bi Thuwaiba, mshonaji wa nguo za binti mfalme. Akapiga magoti mbele ya Sultani, akasema, "Seyyid yangu, Mungu akuzidishie umri. Waondoe walimu, unipe mtoto nicheze naye."

"Kucheza? Ilhali jini yu njiani?"

"Bwana wangu, moyo wenye hofu haushiki kitu. Nikishindwa, nami nipelekwe chini ya mlima pamoja naye."

Sultani akaitikia, machozi yakimlengalenga.

Bi Thuwaiba akachimba kishimo bustanini na kukijaza kokwa za ukwaju, na wakacheza mdako, wakirusha kijiwe juu na kuzikokota kokwa kabla hakijashuka, mara mbilimbili, mara tatutatu. Wakaruka juu ya vigae vya ua wakiimba tatu, sita, tisa, na aliyekosea alibusu kikonyo cha ua la waridi. Lulua akacheka kicheko ambacho kasri ilikuwa imekisahau, na siku moja akauliza, "Bibi, hesabu tutaanza lini?"

"Mwanangu," akajibu Thuwaiba akimkumbatia, "tumo ndani yake zamani."

Ikawadia siku ya miadi, na mlima ukapasuka, na Karkashi akatoka, kichwa chake mawinguni na sauti yake kama radi. "Nina sinia sita, kila moja ina tende nne, na wageni watatu walio sawa kwa heshima. Kila mgeni apate tende ngapi?"

Lulua akaushika mfuko wake wa kokwa na kijiwe. Akamtazama Thuwaiba, naye akamwonyesha kiganja kitupu, kana kwamba anangoja kijiwe kishuke. Mtoto akavuta pumzi, akasema, "Shikamoo, babu. Keti, tucheze."

Jini, ambaye alikuwa hajawahi kuamkiwa tangu kuumbwa kwake, akajikunja hata akalingana na mtu, akaketi mchangani. Lulua akapanga kokwa nnenne mara sita, akazigawa mafungu matatu, kokwa mojamoja kwa zamu, na fungu la mwisho lilipotimia akapaza sauti, "Nane!"

Karkashi akalia. "Mimi nilifundishwa hesabu kwa mijeledi ya moto," akasema, "na hivyo ndivyo nilivyowauliza watoto wote. Sikujua kwamba tarakimu zina furaha. Nirushie hicho kijiwe, mjukuu wangu."

Wakacheza mpaka adhuhuri, na jini akashindwa mara nyingi, na kila aliposhindwa alicheka na lulu na yakuti zikamwagika kutoka kilembani mwake. Akaivunja ahadi ya kale, na maji yakawa huru kwa watu wote, vizazi na vizazi.

Naye Sultani Mundhiri akamposa Bi Thuwaiba, na Lulua ndiye aliyeulizwa kwanza, akaruka kwa furaha na kusema, "Nimeridhia!" Harusi ikafana, na kwa lulu zile Sultani akajenga vyuo ambamo bakora haikuruhusiwa kuvuka kizingiti.

Na hii ndiyo hekima waliyoachiwa wasikilizaji: mtoto akipendwa hujifunza, na elimu iliyoingia kwa kicheko haitolewi na hofu.