Kanga ya Bibi Kibwebwe

Hapo zamani, lakini si zile zamani za sungura na fisi kugombea mchumba, nazungumzia zamani ya juzi juzi tu, simu zimeshaingia na umeme unakatika kama kawaida yake, palikuwa na mji mdogo katikati ya mashamba ya mkonge, ukiitwa Kwashemboza. Kaeni vizuri. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana nikishaanza sipendi kukatizwa.

Katika mji huo aliishi Mwantumu, mshona nguo. Mama yake alikuwa mkata mkonge, na mama huyo, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa mchezo. Pakizuka ugomvi, lori likikwama kwenye matope, mume wa mtu akimwinulia mkewe mkono, yeye alikuwa anavuta kanga yake nyekundu ya kisutu, anajifunga kibwebwe, anakaza fundo, anaingia katikati. Akishaingia yeye, kunatulia. Alikufa wakati wa masika, barabara zimekatika, akazikwa na watu wachache waliolowa. Akaacha binti mmoja na doti moja ya kanga.

Sasa palikuwa na mzee mmoja, mwalimu mstaafu, Mzee Shembilu. Huyu alikuwa mwongozaji wa filamu. Siku moja alimfuata Mwantumu kwenye cherehani yake akamwambia, "Mwanangu, wenzetu wana mashujaa wanaoruka angani na makoti. Sisi tulikuwa na mama yako."

Ndivyo alivyozaliwa Bibi Kibwebwe. Mchana mkata mkonge kama wengine; akishajifunga kanga na kukaza fundo, lori analisukuma kwa bega na jambazi anamrusha juu ya paa. Mwantumu ndiye akawa staringi, na kanga ikawa ile ile ya marehemu. Walimwambia wanunue nyingine sokoni ili ile isichafuke. Akasema, "Nitajifunga hii au sijifungi kabisa." Wakaacha.

Picha ilipofika katikati, Mzee Shembilu akaanguka. Kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, ulimi ukawa mzito. Watu wakasema basi, Bibi Kibwebwe naye kaishia hapo. Lakini mpiga picha wake alikuwa mwanamke mmoja shupavu, Tausi, shoga yake Mwantumu tangu utotoni. Tausi akasema haishii hapa. Akashika uongozi, akapiga picha asubuhi, akapiga jioni, wenzake wakimkimbia yeye haachi.

Ikabaki sehemu ya daraja, pale Bibi Kibwebwe anaporuka mtoni kuwafuata majambazi. Mto ulikuwa umejaa. Mzee Shembilu kutoka kitandani akatuma neno, kwa taabu, kwamba daraja liachwe mpaka maji yapungue. Tausi akasema maji yakipungua picha hatuna. Akaifunga kamba yeye mwenyewe, kiunoni kwa Mwantumu, akamwambia, "Ruka shoga yangu, nimekushika."

Mwantumu akaruka. Fundo likafunguka.

Alikwenda chini kama jiwe, akagonga nguzo, na kanga ikamvuka ikaondoka na maji. Tausi aliiacha kamera pale pale ikiendelea kupiga, akajitosa na nguo zake, akamkamata nywele, akamtoa. Aliyemtosa ndiye aliyemwopoa, mambo hayo yapo. Tangu siku hiyo mguu wa Mwantumu haukunyooka tena, na kiganja cha Tausi kina kovu la kamba mpaka leo. Kuhusu nani alifunga lile fundo, Mwantumu hakumwambia mtu.

Picha ikaisha, ikapelekwa kuonyeshwa kwenye kibanda umiza cha hapo mjini, vile vibanda vya mabenchi na televisheni moja mnavyovijua. Mji mzima ukaingia. Picha ikawashwa, na hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu hapakusikika neno hata moja. Palisikika mashine tu. Grrr, mwanzo mpaka mwisho. Walipigia picha jirani na kiwanda cha kuchakata mkonge, na watu wa Kwashemboza wamezaliwa na ule mngurumo masikioni. Hawausikii. Mashine ikizimwa ndiyo wanashtuka usingizini. Basi katika watu wote waliokuwepo kwenye upigaji picha, hakuna aliyesikia kwamba kuna kelele. Kamera ilisikia.

Watu wakaanza kupiga miluzi. Maganda ya machungwa yakaruka. Mwantumu alikuwa benchi la mbele, mguu umefungwa plasta, akajifunika uso kwa ile kanga ya pili iliyobaki. Alitaka ardhi ipasuke.

Ndipo akasimama Athumani Ngoda, ambaye wote walimwita Kipaza, kwa kuwa kazi yake pale kibandani ilikuwa kushika kipaza sauti na kutafsiri picha za Wachina na Wahindi kwa Kiswahili. Kipaza akazima sauti ya televisheni, akakohoa kidogo, akaanza kuisimulia. Aliwasemea majambazi, akamsemea polisi, akamsemea mpaka mbwa. Na Bibi Kibwebwe akampa sauti nzito ya kujidai, na neno ambalo hakuna aliyeliandika popote: "Nikijifunga mie, hanifungui mtu." Kibanda kikalipuka kwa makofi. Watu walitoka wanalia na kucheka.

Picha yenye sauti ya Kipaza ikanakiliwa kwenye simu, ikatembea mji hadi mji. Na kama mjuavyo desturi ya picha zetu, ilikatwa pale pale patamu: Bibi Kibwebwe yumo majini, mkono mmoja tu unaonekana, halafu maandishi, tukutane sehemu ya pili.

Sehemu ya pili ya nani? Hapo ndipo mji ulipopasuka.

Fundi baiskeli na wazee wakasema ni ya Shembilu, mtoto ni wa aliyemzaa. Wauza mihogo na akina mama wakasema ni ya Tausi, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kinyozi na vijana wakasema ni ya Kipaza, bubu hana mashabiki. Mwanzoni ilikuwa utani. Kisha kinyozi akamwacha mteja na nusu ya kichwa kwa sababu alimtaja Tausi vizuri. Kisha harusi moja ikaahirishwa, upande wa bwana harusi ni wa Shembilu, upande wa bibi harusi ni wa Tausi, wamerushiana masahani ya pilau. Kisha jiwe likapita dirishani kwa Tausi. Na asubuhi moja Mwantumu alipofungua mlango alikuta ukuta wake umeandikwa kwa mkaa: CHAGUA VIZURI.

Maana kila mtu alishajua kwamba kanga iliyobaki ni moja, na bila kanga hakuna Bibi Kibwebwe. Atakayekabidhiwa na Mwantumu, ndiye.

Mwantumu akaacha kwenda bombani. Aliogopa, nisiwafiche. Na kitu kingine kilimkaa rohoni ambacho hakumwambia mtu. Sokoni watu walikuwa wakimsimamisha, "Bibi Kibwebwe, tusemee neno lako." Akifungua mdomo, wanacheka, wanasema, "Aa, siyo hivyo," halafu wanajisemea wenyewe kwa sauti ya Kipaza.

Ikaamuliwa wakutane kibandani Ijumaa, baada ya swala. Mwantumu akaja akichechemea, kanga ameikunja kifuani. Mabenchi yamegawanywa matatu, na hakuna aliyemsogelea mwenzake. Jua liliwaka juu ya bati na watu walitoka jasho kimya kimya. Mwenye kibanda akasema, "Wanaotaka kuongoza waseme, Mwantumu akabidhi, tuondoke salama."

Mzee Shembilu akainuka na fimbo yake. Maneno yalimtoka moja moja. "Nilimzaa mimi. Na katika sehemu ya pili nitamzika mimi."

Benchi la vijana likaguna. Wakasema staringi hafi, kila mtu anajua, staringi hafi.

"Huyu atakufa," mzee akasema. Akamgeukia Mwantumu. "Mama yako tulimzika watu wachache, kwenye mvua. Hata mimi sikuja, mwanangu. Njia ilikatika. Nataka picha imalizike kwa mji mzima kumbeba, na hii kanga juu ya jeneza. Nataka azikwe anavyostahili kabla sijazikwa mimi."

Mwantumu aliinamisha kichwa. Alitamani kilio kile kwa miaka, na hapo hapo alikiogopa, kwa sababu angekuwa amelala yeye ndani ya lile jeneza, badala ya mama yake, na mji mzima ungerudi nyumbani ukijua Bibi Kibwebwe kafa.

Akainuka Tausi. Hakuwatazama watu. "Shoga, sehemu ya pili inaanza darajani. Unaruka tena."

"Na mguu huo?" mtu akauliza kutoka kwa wazee. "Unataka kummaliza?"

"Semeni mtakavyo." Tausi akafungua kiganja, kovu likaonekana. "Lile fundo nililifunga mimi. Mzee alinikataza, nikafanya kichwa ngumu. Mwantumu amenifichia siri muda wote huu, nami nimelala na ile kamba kila siku. Mara hii, shoga, utafunga fundo mwenyewe, utaruka mwenyewe, na utatoka majini kwa miguu yako, bila mtu kukushika nywele. Nataka watu wakuone unatoka."

Kibanda kikachafuka. Wazee wakaanza kumwita muuaji. Akina mama wakasimama mbele yake, mikono kiunoni. Mwantumu aliuogopa ule mto kuliko kifo chenyewe. Lakini tangu siku ile alikuwa akiota usiku kwamba anatoka majini anatembea, na akiamka anautazama mguu.

Kipaza akangoja watulie. Alijua kungoja, ndiyo kazi yake. Halafu akasema kwenye kipaza sauti, "Mie simuui na wala simrushi. Mama kama huyu anauawaje? Nitamfanya aishi. Sehemu ya pili, ya tatu, ya kumi, watoto wa watoto wetu watakuwa wanasema, nikijifunga mie..."

"Hanifungui mtu," benchi la vijana likaitikia, na hata wazee wawili watatu waliponyokwa.

Mwantumu akamuuliza polepole, "Na mimi nitasema lini, kaka Athumani?"

Kipaza akashusha kipaza sauti. Hakuwa mtu mbaya. "Dada yangu, nisikudanganye. Watu wameshaizoea hii. Siku ile wasingepata hii, wangekuzomea mpaka kwako."

Ilikuwa kweli. Mwantumu aliyakumbuka maganda ya machungwa.

Hapo fundi baiskeli akapiga kelele, "Muda unakwisha, toa kanga kwa mzee," na kinyozi akaruka benchi, na akina mama nao wakasukumana mbele. Kufumba na kufumbua kanga ilikuwa imetoka kifuani kwa Mwantumu, ina mikono mingi juu yake, huyu anavuta huku, yule anavuta kule. Fimbo ya Mzee Shembilu ikaanguka. Benchi likapinduka. Na katikati ya fujo ile ikasikika sauti ndogo, mnaijua, sauti ya kitambaa cha zamani kinapoanza kuachia.

Mwantumu akapanda juu ya benchi na mguu wake mbovu.

"Iachieni."

Hakupiga kelele. Ilikuwa sauti nyembamba, yenye mkwaruzo, ya mtu anayeshinda kwenye cherehani. Mikono yote ikaganda. Kijana mmoja upande wa Kipaza akasema, "Sauti siyo yake hiyo." Na muuza mihogo mmoja, mama mtu mzima aliyewahi kukata mkonge na marehemu, akamjibu bila hata kugeuka, "Ni ya mama yake."

Kukawa kimya kabisa. Hata ile mashine ya mkonge ilisikika, na watu wa Kwashemboza wakatazamana, maana ilikuwa mara ya kwanza kuisikia yenyewe, si ya kwenye televisheni.

Mwantumu akashuka, akaichukua kanga. Imechanika pindoni, urefu wa kidole. Angeweza kujifunga yeye na kutoka nayo, mlango ulikuwa wazi, lakini mawe yalikuwa yameshaokotwa huko nje, na alijua kwamba asipompa mtu siku ile, kuna mtu atavunjwa kichwa. Akaikunja mara nne. Watu watatu wamesimama mbele yake: mzee asiye na fimbo, anayetaka kumzika mama yake kwa heshima, shoga yake mwenye kovu, anayetaka kumrudisha kwenye maji yaliyomvunja ili atoke mzima, na kaka Athumani, anayeweza kumfanya mama huyo asife kamwe, ila kwa mdomo usio wake.

Mwantumu akavuta pumzi. Akanyoosha mkono.

Mimi nauacha mkono huo hapo hapo ulipo, na msinitolee macho, maana tangu nianze mmekuwa mkiguna kila mtu kwa upande wake kama wale wa mabenchi. Haya, semeni sasa. Aliyemzaa, aliyemwopoa, au aliyemsemea, kanga ile ilimstahili nani? Na wewe uliyejibu upesi kuliko wote, kama marehemu angekuwa mama yako, na mguu ule ni wako, ungempa huyo huyo?