Maji ya Malalo Yalivyokosa Kitanda

Ukiyanyima maji kitanda, yatalala kwako.

Mmeisikia leo kwa yule fundi aliyekataa kujenga ukuta juu ya mkondo wa maji, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Mmefanya vizuri kuuliza, maana wengi huisema tu kama kasuku. Methali hii haikuachwa na mababu wa kale. Ilizaliwa juzijuzi, katika mtaa mmoja wa mji uliokaa miguuni pa milima, na chanzo chake kilikuwa aibu ya jina. Basi tulieni niwaeleze.

Mtaa huo uliitwa Malalo, na mwenyekiti wake alikuwa Kobelo Mkude, seremala, mtu mwenye moyo mzuri na haraka nyingi. Jina la mtaa lilimkera kuliko mwiba wa kiatuni. Kila aliposhuka stendi, makondakta walimtania, "Wa Malalo, mmeshaamka huko?" Watu wakacheka, naye akaenda zake ameinamisha uso. Wapo waliomfariji kwamba zamani wapagazi waliokuwa wakipanda mlimani ndio walilala pale, lakini maneno hayo hayakumsaidia. Nani anataka kuongoza mtaa wenye sifa ya usingizi?

Chini kabisa ya mtaa palikuwa na bonde lililojaa matete na mafunjo. Kiangazi mbuzi walikula majani humo, na mvua ziliponyesha vyura walipiga kelele mpaka mtu asisikie redio yake. Mbu walikuwepo pia, sitaki kuwadanganya. Nyumba kumi na mbili zililizunguka bonde hilo, na ya Mkude ilikuwa ya tatu. Alikuwa ameijenga kwa miaka kumi na tisa, leo tofali, kesho bati, mke wake Mwanahamisi akimpikia uji pale pale penye mchanga.

Basi mwaka mmoja Mkude akaamua kuumaliza usingizi wa Malalo. Aliitisha mkutano, jina la mtaa likabadilishwa likawa Maendeleo, na bonde likapangiwa kufukiwa ili pawe uwanja wa saruji wenye vibanda vya biashara. Watu walishangilia. Malori ya kifusi yalimwaga kwa siku kumi na moja, mashine ikashindilia, na mahali palipokuwa na matete pakawa pagumu kama sakafu.

Aliyepinga alikuwa mmoja tu, Bibi Kisanga, aliyekuwa akikata mafunjo ya kusukia majamvi. Alimfuata Mkude kazini kwake, akasimama penye takataka za randa.

"Mkude mwanangu, pale pana mwenyewe," alisema.

Mkude alidhani anasema habari za mizimu. Na kwa kuwa alijiona mtu wa kisasa, alitabasamu akamjibu, "Bibi, mambo hayo tulishayaacha." Bibi Kisanga alimtazama kidogo, akavuta kanga yake begani, akaondoka. Alikuwa mtu wa hasira za karibu, hakupenda kurudia neno.

Vuli ilipoingia, mvua ya kwanza kubwa ilinyesha Alhamisi saa tisa alasiri. Maji yalishuka kwenye korongo kutoka mlimani kama yalivyozoea, yakafika penye bonde, yakakuta pamezibwa. Yalizunguka kidogo juu ya kifusi, kisha yakashika njia ya nyumba. Mkude alikuwa anakunywa chai. Alipoona kandambili zake zinaelea kuelekea uani, alidhani mtoto wa jirani amemwaga ndoo. Punde maji yakawa magotini, godoro likawa limelowa, na majirani wakawa wanapandisha watoto juu ya meza. Tunamshukuru Mungu hakufa mtu. Lakini unga, vitabu vya shule na nguo za familia kumi na mbili vilichanganyika na tope, na kazi ya kuosha ilichukua wiki mbili.

Wiki ya tatu wakaja watu wa manispaa. Walipima, wakaandika, kisha wakapaka alama nyekundu ya X kwenye kuta za nyumba zote kumi na mbili. Ofisa mazingira, binti mmoja aitwaye Anifa, ndiye aliyezungumza na Mkude.

"Mzee wangu, hii si adhabu," alisema. "Masika yakifika na maji yakaingia tena humu, nyumba hizi zitavunjwa. Hatuwezi kuwaacha mlale mahali patakapowaua."

Mkude aliitazama ile X kwenye ukuta wake. Tangu siku hiyo usingizi ulimkimbia kabisa. Alilala akiwa macho, akihesabu miezi iliyobaki kabla ya masika, na kila alipohesabu ilikuwa mitatu.

Aliitisha mkutano, akamwalika na Anifa. Wengi walitaka ujengwe mtaro mkubwa wa zege wa kuyasukuma maji yaende mtaa wa chini. Mkude mwenyewe aliliunga mkono wazo hilo, maana mtu aliyepotea njia hushika ya kwanza anayoiona. Anifa akakunjua ramani yake ya zamani juu ya meza.

"Kabla hatujasukuma maji kwa wenzetu, naomba kuuliza," alisema. "Ramani hii haina Maendeleo. Inasema Malalo, na imeandikwa hapa hapa, juu ya bonde. Malalo ya nani?"

"Ya wapagazi," walijibu watu kwa pamoja.

"Mpagazi gani huyo mwenye akili zake alale kwenye matope?" Bibi Kisanga alisema kutoka nyuma. Hakusimama. "Ni malalo ya maji. Yanashuka mlimani yamechoka, yana kasi, yanalala pale siku mbili tatu, yanazama taratibu ardhini. Visima vyenu vya kiangazi vilijaa kwa ajili hiyo. Nilimwambia Mwenyekiti pana mwenyewe, akadhani namtishia na mizimu."

Mkude alihisi joto likimpanda mashavuni, akatamani ardhi ipasuke imfiche. Akajitetea, akasema alichotaka ni kuuletea mtaa heshima, na kwamba maji nayo yana uonevu, kwa nini yasipite yakaenda mtoni, yaje hasa chumbani kwake?

Hapo Mwanahamisi akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, naomba kuchangia," alisema, kana kwamba hawakuamka nyumba moja asubuhi ile. "Mimi ni mkazi wa nyumba ya tatu. Kwetu mgeni akija jioni hatumwambii apite. Anaonyeshwa kitanda. Huyu mgeni amekuja miaka yote, kitanda chake kipo, hajamsumbua mtu. Mwenyekiti kakitoa kitanda, kaweka kifusi. Ukiyanyima maji kitanda, yatalala kwako. Yamelala kwako. Tena upande wangu wa godoro."

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mkude hakucheka mara moja. Alikaa akiutazama uso wa mke wake, akaona hauna utani hata kidogo, umechoka kwa kuosha tope. Hilo ndilo lililomwingia. Alisimama akasema, "Kifusi nilikileta mimi. Kesho naanza kukitoa, hata kama nitakuwa peke yangu."

Hakuwa peke yake. Palipigwa msaragambo, kazi ya pamoja ya mtaa mzima, kila Jumamosi na Jumapili, na baadaye siku za kazi pia. Kifusi kilipelekwa kuinua barabara ya juu iliyokuwa na mashimo. Anifa aliwaelekeza wasichimbe shimo lenye kingo kali, bali walaze udongo taratibu kama sahani, watoto wasije wakatumbukia. Bibi Kisanga ndiye aliyejua matete yanapandwa vipi na mafunjo yanataka maji ya kina gani, na alikuwa mkali kama mwalimu wa zamu. Pembeni walipanda mikuyu na mizambarau, wakaacha njia ya kupita na mabenchi sita ambayo Mkude aliyaranda mwenyewe. Mbu nao walipatiwa dawa yao: Anifa alileta samaki wadogo wa kula viluwiluwi, wakawekwa katika sehemu ile ambayo maji hayakauki.

Lakini X zilibaki ukutani. Mche wa mti hauwezi kumaliza wasiwasi wa mtu kwa miezi mitatu. Jirani mmoja alianza kufungasha vyombo, mwingine akaulizia chumba cha kupanga mtaa wa pili. Mkude alipiga moyo konde mbele za watu, ila akiwa nyumbani alikuwa akipapasa kuta zake kama mtu anayeaga.

Masika yakafika. Siku ya mvua kubwa, Mwanahamisi alipandisha godoro juu ya meza, na Mkude akatoa kigoda akakaa mlangoni. Korongo liliguruma. Maji mekundu yalishuka na magogo na majani, yakaingia bondeni, yakakuta matete machanga yakiinama. Yalitawanyika. Yakapunguza kasi. Kisha yakaanza kupanda, polepole, mpaka yakagusa miguu ya mabenchi. Mkude alishika fremu ya mlango. Yakapanda tena, yakafunika njia ya kupita. Kutoka njiani mpaka kizingiti cha nyumba yake zilikuwa hatua nane.

Yalisimama pale. Saa nzima yalisimama pale, na mvua ikiendelea, na hayakuongeza hata hatua moja.

Mvua ilinyesha siku tatu. Siku ya tatu mchana Anifa alikuja na koti la mvua, akaingia nyumba baada ya nyumba, akipitisha kiganja chini ya kila ukuta. Alipofika nyumba ya tatu alikitazama kiganja chake, kilikuwa kikavu, akaandika kwenye daftari.

"Mvua ikikatika, mzee wangu, paka rangi juu ya hiyo X," alisema. "Nyumba zenu zinabaki. Nimeandika zote kumi na mbili."

Mkude alimshukuru. Machozi yalimtoka, na hakuyaficha. Alimshika binti yule mkono kwa mikono yake yote miwili, kisha akaingia ndani kumwambia mkewe. Mwanahamisi alikuwa ameshasikia. Godoro lilikuwa limerudi kitandani, limetandikwa shuka safi. Mkude akaketi ukingoni avue viatu kwanza ndipo aanze kuhadithia, akavua kimoja, akasema, "Mke wangu, unajua yule binti amesema..." na hapo hapo akaegemea mto, akapitiwa na usingizi, saa nane ya mchana, mvua ikipiga bati, mguu mmoja na kiatu.

Mwanahamisi alimvua kile kilichobaki, akamfunika, akaenda kukaa mlangoni kuyatazama maji yaliyotulia katikati ya matete.

Ndiyo maana fundi wenu alikataa ule ukuta. Watu wa Malalo, maana jina la zamani nalo walilirudisha, huisema bila hasira, na mara nyingi kwa kicheko, kwa sababu walipata nafasi ya kukirudisha walichokitoa: ukiyanyima maji kitanda, yatalala kwako.