Mzigo Usiokaguliwa

Wapendwa, kulikuwa na mwanamke mmoja aliyesifika mtaa mzima kwa sababu ya maboksi. Msicheke. Boksi la sabuni, la mafuta ya kupikia, la viatu vya watoto, kwake halikutupwa ovyo. Alibandua gundi, akatoa pini, akalianika likiwa na unyevu, akalikunja, kisha akafunga mzigo kwa kamba ya katani. Kila Jumamosi asubuhi alipita mama mmoja mtu mzima na mkokoteni wake, akiyapeleka kiwandani yakasagwe yawe maboksi mapya.

Mama huyo alikuwa na desturi. Kwenye nyumba nyingine alifungua mzigo palepale getini akaupekua, maana watu wana mambo, wengine huficha humo nepi na mabaki ya samaki. Mzigo wa mwanamke huyu hakuufungua hata siku moja. Aliupakia, akashukuru, akaenda zake.

Sasa mama mkwe akaja kukaa mwezi mmoja. Ijumaa moja yule mwanamke akaliangusha bakuli la kioo alilopewa na mama mkwe siku ya harusi, likawa vipande. Afanye nini? Kwenye ndoo ya taka hawezi kuvitupa, mama mkwe huchungulia hata humo. Aliogopa, na hofu yake ilikuwa ya kweli, maana ulimi wa mama yule ulikuwa umekwisha kumliza mara nyingi. Akavitia vipande ndani ya boksi la sabuni, akalikunja juu yake, akakaza kamba. Akajiambia kiwandani wana mashine.

Mzigo ukaondoka. Jumamosi iliyofuata hakuja mtu, na ya pili yake vilevile. Ya tatu, mama wa maboksi akabisha hodi bila mkokoteni, mkono wa kulia umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko. Yule mwanamke akautazama ule mkono. Akamwamkia kwa shida.

"Marahaba, mwanangu," mama akajibu. "Sikufuata maboksi, kazi hiyo sitaiweza tena. Vidole hivi viwili daktari anasema havitakunjika. Nimekuja kukuonya tu. Kuna mtu mtaa huu anaficha vioo kwenye maboksi. Nilikuwa nayabana yote pamoja, sikujua ni mzigo wa nani. Wako huwa siukagui, najua hauna neno. Lakini pengine majirani hukuletea yao, na wewe unayapanga kwa mikono mitupu. Uwe mwangalifu, mwanangu."

Ndugu zangu, lilihitajika neno moja fupi pale. Lakini mama mkwe alikuwa amekaa sebuleni, mlango wazi, anasikiliza.

"Pole sana, mama," yule mwanamke akasema.

Akamkaribisha ndani. Akampa chai ya maziwa na chapati za moto, na wakati wa kuondoka akamfungia mchele na sukari. Yule mama akainua mkono wake mzima, akambariki yeye na watoto wake, akasema mtaa huu hauna mwenye moyo kama wake. Mama mkwe naye akatikisa kichwa kwa furaha, akasema kweli mwanawe alipata mke. Mwanamke akaitikia, "Asante, mama." Siku ile chakula hakikumpita kooni.

Niwaulize, kumpa majeruhi mchele ni dhambi? Hata kidogo. Basi mbona hakuweza kula?

Mwanamke yule ni sisi. Tunamuumiza mtu kwa kile tulichokificha, halafu tunampelekea zawadi, anatuombea baraka, nasi tunaitikia amina. Baba, ulimsingizia msichana wa kazi, ukajua baadaye si yeye, ukamlipia nauli nzuri ya kwenda kwao. Dada, wewe ndiye uliyeitoa siri ya mwenzako, na ndiye uliyekuwa wa kwanza kufika kumfariji. Mungu hajakataa mchele wetu, wapendwa. Lakini mchele hauwezi kusema, "Ni mimi."

Kuna mtu anakuombea mema mpaka asubuhi ya leo kwa sababu hajui. Tukitoka hapa, usipitie nyumbani wala dukani. Nenda kwake mikono mitupu, umwambie.