Njia ya Kwenda kwa Mama Zamda

Wapendwa, nisikilizeni kidogo. Leo nataka niwapandishe kwenye pikapu moja kuukuu, nyekundu, inayoingia Dar es Salaam ikitokea Ifakara. Anayeendesha ni mkulima wa mpunga aitwaye Longino, mtu mzima, ndevu zimeingia mvi. Nyuma amepakia gunia la mchele mpya, na mchele ule haukuwa wa kuuza. Ulikuwa wa mtu mmoja tu, Mama Zamda.

Mama Zamda alikuwa nani? Hakuwa ndugu yake hata kidogo. Zamani, Longino akiwa kijana, alikuja Dar akapata kazi ya utingo wa lori, akapanga chumba cha uani kwenye nyumba ya mama huyu. Mama ni Mzaramo, Mwislamu. Kijana ni Mndamba, Mkatoliki wa kubatizwa uchangani. Lakini mwezi haukuisha, kijana akawa anakula sinia moja na watoto wa nyumba ile. Akishikwa na homa, mama ndiye anayemkanda kwa kitambaa cha maji. Na Jumapili akipitiwa na usingizi, mnajua aliyekuwa anamgongea mlango? Mama yuleyule wa msikitini! "We Longi! Kengele ya kanisani kwenu imelia, bado umelala? Mungu wako anakungoja!"

Sasa mama kama huyo unamsahau? Humsahau. Longino alirudi kwao, akaoa, akalima, na kila mwaka alisema, "Mavuno yakiisha, nakwenda kumwona Mama Zamda." Mavuno yakaisha, akaanza kujenga. Nyumba ikaisha, watoto wakataka ada. Mnayajua mambo haya. Miaka ikapita thelathini na ushee.

Ndipo Zamda, binti wa yule mama, alipoipata namba yake kwa watu wa kwao, akampigia simu.

"Kaka Longi, mama amezeeka, hawezi tena kukaa peke yake. Jumamosi namchukua, nakwenda naye Mtwara kwangu. Kila siku anakutaja. Kama unaweza, njoo kabla hatujaondoka. Adhuhuri ikipita tu, tunaanza safari."

"Nakuja, dada."

"Nikuelekeze njia?"

Longino akacheka. "Unielekeze nini? Mtu anaelekezwa kwao?"

Basi Jumamosi ile alikuwa barabarani, na njia yote anaiona kichwani. Ukifika kiwanda cha magunia, unakata kulia. Unalipita bomba la maji, pale akina mama walipopanga ndoo tangu alfajiri huku wanataniana. Unalipita duka la Mpemba aliyekuwa akimkopesha sabuni. Unampita fundi baiskeli na redio yake. Halafu mlango wa bluu, na ndani ya mlango wa bluu harufu ya mihogo inakaangwa. Akawa anaendesha anatabasamu peke yake. Karibu ateremke awasalimie.

Kumbe jiji halikumngoja.

Kwanza akakutana na foleni. Malori mbele, mabasi nyuma, bodaboda zinapenya pembeni kama maji, vijana wanapita na karanga na maji baridi, na kila mwenye honi anaipiga. Halafu juu yake vikaanza kutokea vibao vya kijani, vikubwa kama ukuta. Mshale huu unakwenda juu, ule umejikunja kama ndoana, majina ya barabara hajawahi kuyasikia. Kibao kimoja kikamshinda kabisa. Kilikuwa kinawaambia wanaokwenda kulia washike upande wa kushoto.

"Kwenda kulia nishike kushoto?" Longino akasema kwa sauti. "Aliyeandika hiki alikuwa mzima? Mji huu mimi naujua."

Akashika kulia.

Ndugu zangu, mmewahi kubebwa na barabara? Barabara ikainuka. Pikapu ikapanda, Longino akajikuta juu ya daraja, mabati ya nyumba yako chini yake, na hakuna pa kuteremkia. Alikwenda mbali sana ndipo akapata pa kugeuzia. Akarudi, foleni ileile. Safari hii alitokea upande mwingine, na vibao vinasema mambo mengine kabisa. Akasita, wa nyuma wakampigia honi, akachagua kwa hasira. Daraja tena!

Simu ikaita. "Kaka, umefika wapi? Mume wangu ameshapakia mizigo."

"Niko hapahapa, Zamda. Nimefika."

"Hapahapa wapi?"

"Karibu na kiwanda cha magunia."

Zamda akaanza kumweleza. "Kaka, kiwanda hicho..." Lakini magari yakasogea, honi zikalia, Longino akaitupa simu kwenye kiti, akakanyaga mafuta.

Jua likapita utosi. Jasho linamtoka. Aliogopa, nawaambieni. Si kuogopa magari. Aliona mama yake anaondoka naye yuko palepale, anazunguka. Mwishowe akateremsha kioo, akamuuliza dereva wa bajaji aliyekwama ubavuni mwake.

"Mwanangu, kiwanda cha magunia kiko wapi?"

"Kiwanda gani, mzee? Mimi nimezaliwa hapa, hicho sijakiona."

Longino akaachana na kiwanda. Akautaja mtaa.

"Ah, mtaa huo! Shika kushoto, fuata kibao. Kitakuzungusha mpaka chini ya daraja. Utadhani unapotea, lakini twende tu."

Safari hii alitii. Barabara ikamzungusha, ikamteremsha, ikamtoa kivulini chini ya daraja. Na pale ukingoni, katikati ya wauza matunda na wauza viatu, palikuwa na kiti cha plastiki. Juu ya kiti amekaa bibi mdogo wa umbo, amekonda, anapunga kanga kwa nguvu zote alizobaki nazo.

Longino akasimamisha gari hovyo, akashuka mbio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenenepa hivyo?"

"Mama, mbona umekaa barabarani? Mimi nilikuwa nakuja nyumbani!"

"Nyumbani wapi, Longi? Nyumba ilivunjwa siku nyingi, ipite barabara. Siku hizi nimepanga pale ng'ambo, dirishani naiona barabara yote." Akanyoosha kidole juu, kwenye lile daraja. "Hapo unapopitapita tangu asubuhi, chini yake ndipo lilipokuwa jiko langu. Zamda aliniambia unakuja na pikapu nyekundu. Nimeiona inapita, ikarudi, ikapita tena. Nikamwambia, huyo anaitafuta nyumba, hataipata. Nitolee kiti nikakae atakaponiona."

Longino akainua macho, akalitazama daraja. Alikuwa amepita juu ya jiko lile huku akiulizia lilipo.

Mama akatoa sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Wali na samaki. Kama alivyokuwa akimwekea zamani, utingo akichelewa kurudi.

"Mama, ningekuja mapema," Longino akasema, machozi yanamtoka mbele za watu.

"Kula, kinapoa."

Akala amechuchumaa kando ya kile kiti, na mama anamtazama, mkono begani mwake, wakamkumbuka Mpemba na sabuni zake, wakacheka. Mkwe wa mama yuko kwenye gari, injini inaunguruma. Chakula kilipokwisha, mama akainuliwa, gunia la mchele likahamishwa gari, wakaondoka. Miaka yote ile, wapendwa, na walichopata ni muda wa sahani moja.

Sasa turudi kwetu. Sisi tunapenda sana kukumbuka, na si vibaya, kwa maana mengi ya zamani yalikuwa matamu. Lakini Longino alilitunza bomba kichwani, akalitunza duka, akautunza mlango wa bluu, na muda wote huo mama mwenyewe alikuwa anavunjiwa nyumba, anahama, anadhoofika, naye hana habari. Je, unaweza kusema unampenda mtu usiyejua hata anaishi wapi siku hizi?

Na angalieni upendo ule mwingine, mkubwa kuliko wa Longino. Miguu haina nguvu, safari inamngoja, lakini bibi yule hakusema, "Aliyechelewa ni yeye, anitafute." Alitoka akaenda kukaa kwenye vumbi, mahali mpotevu atakapopita. Mungu tunayemwomba hapa ndivyo alivyotufanyia. Kama angengoja tumfikie kwa njia tuliyoizoea, nani kati yetu angefika?

Wewe uliyekaa hapo, nani anakutaja kila siku na hujui? Mama mkubwa? Mwalimu wako? Rafiki mliyelala kitanda kimoja shuleni? Nenda. Nenda wiki hii. Na ukifika usianze kuuliza ile nyumba iko wapi. Uliza yeye yuko wapi.