Nilisema Imekaa

Hapo zamani, na wala si zamani ile ya fisi kuongea, maana pikipiki zilikuwepo na matope yalikuwepo, kulikuwa na mafundi wawili kwenye miteremko ya Rungwe. Mmoja Ambakisye, mwingine Asajile. Banda moja, sanduku moja la spana, na hakuna banda lingine mpaka ushuke mjini. Sikilizeni vizuri, kwa sababu nikimaliza nitawauliza, na mtu asije akaniambia alikuwa anawaza mambo yake.

Ambakisye ndiye fundi hasa. Akigusa kitu kinapona. Asajile anaziba pancha, anajaza upepo, anacheka na wateja.

Siku hiyo akaja Gwakisa, dereva wa bodaboda, kubadilisha tairi ya nyuma. Alikuja na mkewe Tusekile, mchuma chai, na kikapu chake. Ambakisye akafungua gurudumu, akalivisha tairi mpya, akalirudisha mahali pake, akapitisha ule mhimili wa chuma unaolishika, akazungusha nati kwa vidole. Kwa vidole tu, mmesikia? Pini ndogo ya kuizuia nati isifunguke haikuwemo sandukuni, akainuka kwenda kuitafuta uani. Asajile akamuuliza, "Kaka, tairi imekaa?" Ambakisye akajibu bila kugeuka, "Imekaa."

Imekaa. Neno gani hilo jamani. Gurudumu likiingia mahali pake, limekaa. Kazi ikiisha vizuri, imekaa. Hata shati likikutosha, limekaa. Ambakisye alisema lile la kwanza, Asajile akasikia lile la pili. Akaishusha pikipiki, akamwambia Gwakisa, "Imekaa, nendeni."

Sasa, madereva wa mlima ule wana desturi yao. Hupandi kabla hujalishika gurudumu la nyuma ukalitikisa kushoto na kulia. Gwakisa akainama alitikise. Wingu lilikuwa limeshashuka, na Tusekile akasema, "Baba Lusajo, twende, mvua hiyo." Gwakisa akanyoosha mgongo, wakaondoka.

Kwenye mteremko wa pili nati ikadondoka. Gurudumu likalala upande, cheni ikakwama, pikipiki ikamwangukia Tusekile. Nyonga ikavunjika. Daktari akamwambia atatembea kwa gongo, lakini kupanda mashamba ya chai, basi. Mwanamke aliyechuma chai tangu usichana wake. Mimi nikifika hapa nataka kumchapa mtu makofi, ila sijui nianze na nani.

Na haikuishia hapo. Kila wiki Tusekile lazima afike hospitali kunyooshwa mguu, na njia ile haipitiki kwa gari. Lazima apande pikipiki ileile. Na tairi ya nyuma lazima ifungwe upya, na banda ni lilelile. Basi akabebwa mpaka pale, akakalishwa kwenye kigoda, akachukua spana ya nati ile akaiweka mapajani. Akasema, "Hafungi mtu hapa mpaka aniambie kwa nini nimwamini."

Ambakisye akasema, "Mama, mimi nilisema imekaa. Sikusema imekazwa. Nilirudi na pini mkononi, nikakuta mmeshaondoka. Gurudumu nililolimaliza mimi halijawahi kumtoka mtu. Nipe spana." Pole hakusema. Hadi leo hajaisema.

Asajile alikuwa analia. "Dada, pole, kosa ni langu. Sikwenda kuangalia. Tangu siku ile nagusa kila nati mara tatu. Nipe mimi." Lakini kila mtu pale alijua kwamba juzi tu, kwa woga huohuo, alikaza nati ya mtu mpaka akaiharibu.

Gwakisa akasema, "Mama Lusajo, mimi ni mumeo. Tukianguka, tunaanguka wote. Nielekezwe, nitakaza mwenyewe. Na siku ile ningetikisa, ila wewe ndiye uliyesema twende."

Eti wewe ndiye. Mume mzima, mbele ya watu.

Tusekile alimtazama mpaka Gwakisa akainamisha kichwa. Akasema, "Mimi nilisema mvua. Nyie watatu mlikuwa na mikono karibu na gurudumu lile, na nyonga iliyovunjika ni yangu."

Hospitali wanafunga mchana, na wingu limeanza tena kushuka mlimani. Ajuaye kazi hajasema pole. Aliyesema pole kazi haijui. Na mume, ambaye angepaswa kutikisa gurudumu, ametikisa lawama zote zikamwangukia mkewe. Atakayekaa nyuma ya pikipiki hiyo ni Tusekile tena, na spana bado iko mapajani mwake.

Haya, wewe uliyekuwa unatikisa kichwa tangu mwanzo: ampe nani?