Uji Uliomwagwa na Mtamba Mmoja

Haya, sogeeni! Mwenye chungu motoni akaepue kwanza, maana kisa hiki ukikisikiliza nusu utahukumu vibaya, kisha utasema umedanganywa.

Huko Uziguani palikuwa na watu watatu, kila mmoja na lake. Zawena, mpishi wa shule, alikuwa na pua. Pua, jamani! Mumewe akirudi, Zawena anajua kaoga kwa sabuni ya nyumba gani. Kha kha kha! Yule bwana alikoma.

Mwalimu Kaniki, mwalimu wa afya, alikuwa na jicho. Mtoto akipita tu mlangoni, anamwambia, "Wewe, jana hukulala, sikio linauma." Na kweli linauma! Wazazi hawakumpenda. Walisema, "Huyu anawatazamia nini wanetu?"

Mama Hidaya alikuwa na mdomo. Siri kwake haikai hata dakika. Akifika kisimani, wenzake wanaanza kusifia mawingu.

Sasa, shule ile ilikuwa na desturi. Kila nyumba ilileta unga wa uji, ukamiminwa kwenye pipa moja, na hakuna ruhusa ya kuchungulia cha mwenzio. Walifanya hivyo ili aliyejaliwa kidogo asiaibike. Desturi nzuri, si nzuri? Ngojeni.

Asubuhi moja kuni zilikuwa mbichi, moshi umemjaa Zawena puani mpaka hasikii harufu yoyote. Kapika, kapakua. Mkunde, mjukuu wa Mzee Semng'indo, kanywa kikombe cha kwanza, akarudi kwa cha pili. Upepo ukageuka, moshi ukaondoka. Zawena akanusa kitu kisicho unga. Weee! Alikipiga kile kikombe kikaruka, akaipindua kwa teke sufuria nzima, uji chwaaa!

"Zawena kawehuka!" watu wakapiga kelele.

Hapo hapo Mkunde akaanguka. Mate yanamtoka, jasho linammwagika. Na unajua watu walisema nini? Hawakusema asante.

"Kajuaje kuwa uji una sumu kama si yeye aliyeitia?"

Wanaume wawili wakamshika mikono. Zawena akatazama nyuso, akaona kila mtu anamkwepa macho. Na yeye akaanza kuwashuku wote. Nani kamtilia? Yule aliyetaka kazi yake? Yule aliyegombana naye juzi kwa ukoko?

Bibi yake Mkunde kaja mbio na kikombe cha maziwa, shangazi mtu analilia waganga wa mapepo. Mwalimu Kaniki akapiga magoti, akafunua kope za mtoto. Mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano.

"Mama, weka hayo maziwa. Hii ni sumu ya shambani. Asinyweshwe kitu."

"Umejuaje, Mwalimu? Au mmeshirikiana na mpishi?" watu wakamrukia.

 Mwalimu akamlaza mtoto ubavu mate yatoke, akapanda naye pikipiki, kamkumbatia mpaka zahanati asikabwe njiani. Kijiji kizima kikafuata kwa miguu, na Zawena katikati, kashikwa kama mwizi wa kuku.

Mganga wa zahanati akatoka nje. "Mtoto bado anapumua. Lakini sumu gani? Dawa hazifanani. Nikibahatisha, nitammaliza mimi."

Kimya. Na kimya kile ndicho kilichomshtua Zawena. Mama Hidaya yule, anayetangaza hata ndoto za jirani, alikuwa pembeni kabana kanga mdomoni!

"Mama Hidaya," Zawena akasema, "leo ulimi umeuacha nyumbani?"

"Nyamaza wewe, muuaji!" mume wa Mama Hidaya akaruka. Kisha akamgeukia mkewe, taratibu. "Na wewe nyamaza."

 Mama Hidaya akimtazama mumewe anaogopa, akitazama mlango wa zahanati anaogopa zaidi. Akaachia kanga.

"Ni mimi. Mahindi ya mbegu, yale yenye rangi ya dawa ya wadudu. Unga uliniishia, nikaona aibu kuja mikono mitupu. Niliyaosha mpaka maji yakawa meupe, nikayaanika, nikasaga. Nilidhani dawa imetoka, wallahi! Pakiti ipo nyumbani."

"Kimbia!" mganga akasema. Mama Hidaya akakimbia, akaileta. Mganga akasoma jina la dawa, akaingia ndani, na jua lilipokuwa linazama Mkunde akaomba maji.

Basi siku chache baadaye Mzee Semng'indo akaja na mtamba, ng'ombe mwenye mimba ya kwanza, akamfunga kwenye mlingoti wa bendera pale shuleni. "Ni wa yule aliyemwokoa mjukuu wangu. Mmoja tu, nami sichinji wala sigawi."

Ugomvi! Wengine wakasema apewe Zawena, kwa kuwa kikombe cha pili kingemmaliza mtoto, na tena kashikwa kama mhalifu. Wengine, Mwalimu, maana bila yeye Mkunde angekabwa na mate njiani. Wengine wakasema Mama Hidaya, maana bila mdomo wake mganga angebaki kukuna kichwa.

"Mumpe aliyeleta sumu?" Zawena akafoka. "Kesho kila mtu ataleta sumu yake ili apewe ng'ombe!"

Mwalimu Kaniki akasema polepole, "Na tukimfukuza bila kitu, Zawena, kesho atakayekosea atabana kanga mdomoni mpaka mtoto afe."

 Zawena akamtazama Mama Hidaya, kakaa chini peke yake, hakuna aliyesogea karibu naye, hata mumewe. Halafu akakumbuka kuwa tangu siku ile hakuna mtoto anayenywa uji wake mpaka aonje yeye kwanza.

Mzee Semng'indo kashika kamba, anangoja. "Semeni basi. Nimkabidhi nani?"

Haya, ninyi mliokaa hapo mnatazamana kama mnashukiana: kamba hii mngempa nani? Na yule mtakayemnyima, mtamtazamaje usoni kesho watoto wenu wakienda kunywa uji?