Punda Aliyekataa Kisima cha Jumbe

Punda akikataa maji, fimbo si yake.

Mmeisikia jana mkutanoni, mkarudi nayo nyumbani mnaigeuza-geuza kama mtu aliyeokota ufunguo asiyejua kufuli liko wapi. Bibi Lechipya aliisema kwa sauti ndogo, wakati mheshimiwa anatufokea kwa nini hatupigi makofi mbele ya bomba lake jipya. Wazee tukacheka. Ninyi mkabaki mmetoa macho. Sasa Mwaja, mjukuu wangu, ananiuliza: kama fimbo si ya punda, ni ya nani? Hapo ndipo pa kuuliza. Kaeni, lakini kila mmoja ashike mkonge tusokote kamba, maana maneno matupu hayafungi mbuzi. Mwanzo wa methali hii ni huu.

Babu yangu mzaa baba aliitwa Mbeleje. Hakuwa na ng'ombe hata mmoja, na kwa sisi watu wa huku mtu asiye na ng'ombe alihesabiwa kama nusu mtu. Alikuwa na punda, jike la rangi ya kijivu, jina lake Majivu. Ng'ombe walitungiwa nyimbo, wakavalishwa kengele shingoni. Punda alitungiwa matusi. Ng'ombe ni heshima, punda ni mzigo, ndivyo watu walivyosema, na kosa lote la hadithi hii limetoka hapo.

Mto wetu mnaujua, ni mchanga mtupu miezi minane. Maji yako chini, lakini hayako kila mahali, na mtu hana pua ya kuyajua. Basi wazee waliwafuata wanyama. Nyani huchimba kwa mikono, tena huchimba pembeni ya dimbwi lenye maji yaliyooza, wayapate yaliyochujwa na mchanga. Tembo hutoboa kwa mguu, akishiba anaondoka, na swala wanakunywa nyuma yake. Firigogo, wale ndege wadogo wa asubuhi, ukiwaona wanashuka kundi zima mahali pamoja, nenda na kata yako. Na punda huparua kwa kwato. Kisima cha mchangani kikishafunguliwa, mnyama hunywa kwanza, ndipo mtu. Hiyo ilikuwa desturi, hakuna aliyeiandika, na haikumshinda mtu.

Sasa jumbe wa wakati huo, Chidumizi, hakuipenda. Desturi isiyopita mlangoni kwake aliiona ni uasi. Mwaka wa ukame mkubwa akachimbisha kisima nyuma ya zizi lake, kwenye bonde, maji yakapatikana. Ilikuwa bahati, nasema kweli. Lakini wakubwa wa namna hiyo hata bahati huifunga kamba. Aliamuru njia za mtoni zizibwe kwa miiba, kila mtu achote kwake, na kila nyumba inayochota itoe siku ya jembe kwenye shamba lake la uwele.

Siku ya kufungua kisima watu walijaa. Babu yangu alifika na Majivu na vibuyu vinne, na haraka yake ilikuwa moja tu. Mkewe, Nyemo, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume siku ya tatu hiyo. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu na maziwa hayakutoka. Mtoto alilia mpaka sauti ikawa kama ya paka. Nyemo asingepata maji siku hiyo, angekufa mtoto, na pengine mama angemfuata.

Jumbe alileta dume lake kubwa lenye kengele, akasema, "Mnasema mnyama atangulie. Haya, huyu hapa mnyama!"

Dume likazamisha mdomo, likanywa, likalamba ukingo wa birika la kunyweshea, likarudia kunywa. Watu wakapiga vigelegele. Ng'ombe amekunywa, nani abishe?

Ikaja zamu ya Majivu. Akainamisha kichwa, akanusa. Akapuliza pumzi puani, pfuu! Akakunja mdomo wa juu, meno yakaonekana, masikio yakalala nyuma, akageuka akalipa birika makalio.

Vicheko vikalipuka. Mmoja akapaza sauti, "Mbeleje, punda wako anataka aletewe kikombe!"

"Mchape," alisema Jumbe. "Punda haendi bila kigongo."

Babu yangu akamchapa. Alimchapa mbele ya watu kwa aibu, na aibu ina mkono mzito. Majivu hakunywa. Basi akavijaza vibuyu, akampakia, akaondoka naye.

Njiani kibuyu kimoja kilivuja, maji yakamtiririka Majivu ubavuni. Punda akasimama, akapiga magoti, akajilaza na mzigo wake, akajigaragaza mavumbini. Alikuwa hajawahi kufanya hivyo na mzigo hata siku moja. Vibuyu vitatu vikapasuka. Babu alilia kwa hasira, akampiga mpaka fimbo ikapasuka katikati. Akafika nyumbani na kibuyu kimoja, nusu.

Mlangoni alikuwepo mama mkwe wake, Mchiwa, aliyekuja kumwuguza binti yake. Ninyi wa leo mnakaa na wakwe zenu mnacheka pamoja. Zamani mkwe na mkwe hawakutazamana usoni wala kusemeshana. Yule mama alikuwa na jambo la kusema na hakuwa na wa kumpitishia. Basi akamgeukia punda.

"Majivu mwanangu," akasema, "nani kakupasua mgongo hivi?"

Babu naye akatazama chini, akamjibu punda. "Mwambie, Majivu, kwamba umekataa maji ya Jumbe, ukayamwaga, na mama wa mtoto ana kiu."

"Ulikuwa na kiu na wewe, Majivu?"

"Mwambie hujanywa tangu jana."

"Ala! Una kiu tangu jana, umepigwa, na bado umekataa? Juzi ulikunywa kwenye shimo la nyani bila kuombwa. Maji ya nyani umeyakubali, ya Jumbe umeyakataa. Hebu niambie ulinusa nini."

"Mwambie dume la Jumbe limekunywa, tena limerudia!"

Mchiwa akacheka, kicheko kikavu. "Ng'ombe! Majivu, mwambie huyo aliyekuleta, ng'ombe humeza kwanza, kutafuna ni baadaye akishalala. Kitu kikiwa na chumvi-chumvi atakimeza hata kiwe kifo. Mbuzi huonja kwa ncha ya mdomo. Punda hunusa. Yeye amemwacha anayenusa, akamsikiliza anayemeza."

Akakichukua kile kibuyu, akamimina kidogo kwenye kigae, akamsogezea mbuzi. Mbuzi akagusa, akapiga chafya, akajifuta mdomo gotini. Mchiwa akayanusa mwenyewe.

"Hii harufu naijua," akasema. Sasa alimsahau punda na kumtazama mkwe wake usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya na hakulirudia mpaka kufa. "Mwanangu, yale madebe ya dawa ya kuogeshea ng'ombe yalikwenda wapi?"

Hapo lazima niwaeleze. Miaka sita nyuma serikali ya wakati ule ilimletea Jumbe madebe ya dawa ya kuulia kupe, watu wachimbe josho. Wachimbaji walikusanywa, lakini Jumbe akawapeleka shambani kwake kupalilia. Josho halikuchimbwa. Siku moja ikasikika mkaguzi anakuja, na madebe yakatoweka. Nani angeuliza? Watu walidhani yameuzwa. Wakubwa husahau upesi walichokifukia, na ardhi haisahau.

"Nyemo hatayagusa haya," alisema Mchiwa.

"Sasa atakunywa nini, mama? Njia zina miiba."

"Mfungulie Majivu. Usimwongoze. Mfuate."

Babu alimfungulia. Punda alisimama kidogo, akatikisa masikio, akaelekea mtoni. Kwenye miiba hakuhangaika, alizunguka kwa kipenyo walichopita nyani. Akapanda na mto mpaka kwenye kona yenye mawe, akanusa huku na huku, akaanza kuparua. Babu akapiga magoti akasaidia kwa mikono. Walichimba wawili, mtu na punda, mpaka bega la babu likazama. Mchanga ukalowa. Maji yakaja polepole, masafi. Majivu akanywa kwanza. Jua lilipokuwa linashuka Nyemo alikuwa amekunywa uji, na kesho yake maziwa yakatoka.

Kesho hiyo hiyo dume la Jumbe lilianguka. Liliharisha, likapinda mgongo, likafa na kengele yake. Ng'ombe wengine wawili wakafuata. Watu waliokunywa walishinda wanatapika, na mzee mmoja hakuamka tena. Jumbe akaita mkutano. Mnadhani alisema nini? Alisema kisima kimelogwa. Mchawi ni punda wa Mbeleje, amekipulizia pumzi mbele ya watu wote! Akaamuru aletwe achapwe mpaka afe.

Mwaja anacheka. Cheka, mjukuu wangu, lakini watu wale hawakucheka. Kulikuwa na waliokuwa tayari na fimbo.

Babu yangu akaja. Punda hakumleta. Alileta ile fimbo iliyopasuka, akaiweka miguuni kwa Jumbe.

"Jumbe, nimerudisha."

"Nini hiki?"

"Fimbo. Nilidhani ni ya punda, nikamchapa nayo. Si yake."

"Ni ya nani basi?"

"Tuchimbe pale mteremkoni, kati ya zizi lako na kisima, tumwulize mwenyewe."

Jumbe alianza kutukana. Lakini Mchiwa alikuwa ameshachukua jembe, na mwanamke mzee akianza kuchimba peke yake mbele za watu, vijana huona haya. Walichimba. Haikuchukua muda, jembe likalia kwenye bati. Debe la kwanza, la pili, la tatu, yote yametoboka kwa kutu, na udongo unanuka lami na sabuni. Kisha mmoja wa wenye punda akapita mbele, akaitupa fimbo yake juu ya ile ya babu. Akafuata mwingine. Mpaka mkutano unavunjika, mlango wa Jumbe ulikuwa umezibwa kwa fimbo kama njia za mtoni zilivyozibwa kwa miiba.

"Babu," Mwaja ananiuliza, "Jumbe alichapwa?"

Nani amchape? Wakubwa wake walimhamisha, akapewa kijiji kikubwa zaidi. Ndivyo wanavyoadhibiana. Lakini huku kwetu miiba iliondolewa, na mtoto yule aliyelia kama paka alikua, akaoa, akanizaa mimi.

Nami sikujifunza. Mnajua bibi yenu alivyokufa. Watu wa ofisini walikuja na karatasi ina muhuri, wakasema maji ya bomba lile la kwanza yamepimwa. Mimi kusoma sijui, nikauheshimu muhuri. Mwaka huo nilikuwa nimeshauza punda, niliona bomba limefika, wa nini tena? Bibi yenu alikunywa kwanza. Nilipokwenda kuuliza ofisini waliniambia alikuwa na ugonjwa wake. Haya. Vuta mkonge huo, umelegea.

Jana yule mheshimiwa alituuliza, kwa nini mnasita, ninyi ni watu gani? Hakuna aliyemjibu ila Bibi Lechipya, na yeye alijisemea tu.

Sasa Mwaja amesimama, ameacha kamba yake katikati. Namwuliza, unakwenda wapi?

"Kwa jirani, Babu. Kuazima punda, nimpeleke bombani."

Umefika langoni umeokota na kifimbo, nakuona. Nenda, mama, nenda. Lakini hicho kiache hapa mlangoni. Punda akikataa maji, fimbo si yake.